Safari za Kulipia Kwenda Kituo cha Anga za Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kigoma na Tabora

Kila mara Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinapopita juu ya Ziwa Tanganyika watu wakakiona, maswali huwa ni yaleyale: nani yumo mle, amelipa shilingi ngapi, na sisi je? Haya hapa mengine yametoka kwa wanafunzi wa Tabora, mengine kwa wavuvi wa Kibirizi, ambao hawaingizi mtumbwi majini kabla ya kuangalia mbingu. Tumeyaacha jinsi yalivyoulizwa.

Hizi zinazoitwa safari binafsi ni za nani hasa? Mbona NASA nayo inatajwa?

Kwa sababu biashara hii ina pande tatu. Kuna wenye nyumba: kituo chenyewe kinaendeshwa kwa ubia wa Marekani, Urusi, nchi za Ulaya, Japani na Kanada. Kipande chake cha kwanza kilirushwa Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijakaa hata siku moja bila mtu ndani. Kuna mwenye usafiri, ambaye kwa safari hizi ni kampuni ya SpaceX yenye roketi ya Falcon 9 na kapsuli ya Dragon. Halafu kuna wakala, Axiom Space ya Houston: yeye ndiye anayetafuta abiria, anawapeleka mafunzoni, anakodi roketi na kapsuli, na kuilipa NASA, shirika la anga la Marekani, gharama za wageni wake kukaa kituoni.

Kwa hiyo ubinafsi wake uko kwenye kuandaa na kulipa. Ukishaingia mle ndani unafuata sheria za wenye nyumba, na kiongozi wa safari lazima awe mwanaanga mzoefu. Safari ya kwanza ya Axiom, Ax-1 ya Aprili 2022, na ya tatu, Ax-3 ya Januari 2024, ziliongozwa na Michael López-Alegría. Ax-2 ya Mei 2023 na Ax-4 ya Juni 2025 ziliongozwa na Peggy Whitson. Wote wawili walikuwa wanaanga wa NASA kabla ya kujiunga na kampuni. Mama Whitson, ukijumlisha safari zake zote, ameishi angani siku 695. Hakuna Mmarekani mwingine aliyefikisha hizo.

Nauli ni kiasi gani?

Kwa Ax-1 iliripotiwa kuwa kila abiria alilipa dola milioni 55. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 137 kwa kiti kimoja. Walipanga kukaa kituoni siku nane, lakini hali ya hewa mahali pa kutua ikawa mbaya, wakabaki hadi safari nzima ikafika siku 17.

Mtu wa kwanza kujilipia kwenda kituoni alikuwa Mmarekani Dennis Tito, Aprili 2001. Alipanda chombo cha Warusi, Soyuz, na ilisemekana alilipa dola milioni 20. NASA wakati ule haikufurahia hata kidogo. Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 2019, NASA hiyohiyo ilitangaza bei zake za wageni, pamoja na gharama ya chakula, hewa na mawasiliano kwa kila usiku.

Wanaouliza kama bei itashuka mpaka mfanyabiashara wa Mwanga ya Kigoma au Ng'ambo ya Tabora aweze: tusidanganyane. Roketi siku hizi inarudi kutua na kutumika tena, na hilo limepunguza gharama, lakini hakuna dalili kuwa kiti kitauzwa kwa bei ya nyumba au ya lori.

Basi ni starehe ya matajiri tu?

Ilianza hivyo. Ax-1 ilikuwa na wafanyabiashara watatu waliojilipia, Larry Connor wa Marekani, Mark Pathy wa Kanada na Eytan Stibbe wa Israeli. Lakini tazama kilichofuata. Katika Ax-2, Saudi Arabia ilipeleka watu wawili: rubani Ali AlQarni na Rayyanah Barnawi, mtafiti wa maabara aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Saudia kwenda angani. Ax-3 ikampeleka Alper Gezeravcı, Mturuki wa kwanza. Ax-4 ikabeba Shubhanshu Shukla wa India, Sławosz Uznański-Wiśniewski wa Poland na Tibor Kapu wa Hungary, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na serikali yake.

Nchi hizo tatu za Ax-4 zilikuwa hazijapeleka mtu wao tangu zama za Usovieti. Mhindi aliyetangulia, Rakesh Sharma, alikwenda mwaka 1984. Miaka 41 ya kusubiri, kisha wakakata tiketi.

Kwa maoni yetu hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, na magazeti yetu hulipita. Safari za kulipia zimekuwa njia ya nchi isiyo na roketi ya watu kumpeleka mtu wake bila kusubiri hisani ya mkubwa. Tajiri ameshasogea pembeni, mteja sasa ni wizara.

Kuna Mwafrika aliyekwishafika?

Yupo. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alikwenda Aprili 2002 kwa chombo cha Soyuz, akalipa mwenyewe, na akakaa kituoni siku nane akifanya pia majaribio ya kisayansi. Mtanzania bado.

Wanarukia wapi, na njiani ni muda gani?

Safari zote nne za Axiom zimeanzia Kituo cha Anga cha Kennedy, jimbo la Florida. Kupanda mpaka kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, ni dakika kama tisa. Kinachochukua muda ni kukifukuzia kituo, maana kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa na chombo lazima kikifikie polepole kutoka chini na nyuma. Ax-4 iliruka saa 3:31 asubuhi kwa saa za Tanzania, tarehe 25 Juni 2025, ikaungana na kituo kesho yake saa 7:31 mchana. Saa 28.

Kapsuli hujiongoza yenyewe. Ikikaribia, pua yake hufunguka, mlango wa kuungania unaonekana, na inasogea mwendo wa pole kabisa hadi kulabu zishikane. Baada ya hapo mlango haufunguliwi papo hapo: kwanza wanapima kama hewa haivuji kwenye maungio, na wageni wanasubiri saa nzima au zaidi wakiwa mlangoni.

Na usishangae tarehe zikibadilika. Ax-4 ilikuwa iruke mwishoni mwa Mei. Ikacheleweshwa na maandalizi ya kapsuli, upepo, oksijeni ya kimiminika iliyovuja kwenye roketi, kisha uchunguzi wa hewa inayovuja upande wa Kirusi wa kituo. Abiria muda wote huo wamefungiwa karantini. Aliyewahi kungoja treni Tabora hadi alfajiri ataelewa, ila hawa hawaruhusiwi hata kutoka nje kununua chai.

Naweza kukiona kituo kutoka Kigoma? Lazima niwe na darubini?

Unakiona kwa macho matupu, na darubini kwa kweli itakuchelewesha, kwani kinapita haraka. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulieleze vizuri.

Kituo hakina taa ya kukuonyesha. Unachoona ni mwanga wa jua unaopiga paneli zake kubwa, kwa hiyo unahitaji wakati ambao huku chini kumeingia giza lakini kule juu jua bado linakipata. Ni ndani ya saa moja au moja na nusu baada ya magharibi, na muda kama huo kabla ya alfajiri. Saa sita za usiku usijisumbue, kimo ndani ya kivuli cha dunia.

Hapo watu wengi wa huku hukosea kwa sababu moja ndogo. Simu yao imewekwa Dar es Salaam. Kigoma jua linazama karibu saa moja jioni, takriban dakika arobaini baada ya Dar, na Tabora iko katikati. Muda wa mtu wa Dar haukufai: ama bado kuna mwanga, ama kituo kinapita kwenye upeo wa macho tu. Weka Kigoma, Kasulu au Tabora yenyewe kwenye programu ya NASA ya kutafuta kituo, nayo itakupa dakika kamili, upande kitakapotokea na kimo chake kwa nyuzi kutoka upeo wa macho. Kupita chini ya nyuzi 20 achana nako. Kupita kwa nyuzi 50 kwenda juu, ita watoto watoke nje.

Kwa mtu aliyesimama Kibirizi au Ujiji, kinakuja kwa njia mbili. Ama kinachomoza kusini-magharibi, juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, kinakwenda kuzama upande wa Kasulu. Ama kinatokea kaskazini-magharibi, upande wa Uvira, kinaelekea Uvinza na Mpanda. Kinang'aa kuliko nyota yoyote, hakipepesi, hakina taa nyekundu wala sauti. Kikikaa sana ni dakika sita. Mara nyingi jioni kinapotea kabla ya kufika upeo wa macho, kinafifia ndani ya sekunde chache tu. Hakijaanguka, kimeingia kivulini.

Miezi ya kiangazi, Juni na Julai, ndiyo mizuri. Kuanzia Agosti moshi wa kuchoma mapori unachafua anga, hasa Tabora na Uvinza. Mbalamwezi haina shida kwa kituo, na kwa wavuvi ni afadhali: dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mkali, mitumbwi mingi imepumzika ufukweni, watu wana nafasi ya kutazama juu. Pia kuna wiki nzima zisizo na hata pito moja la kuonekana. Huku karibu na ikweta ndivyo ilivyo, kinakuja kwa makundi ya siku kadhaa kisha kinaadimika.

Juzi niliona taa nyingi zimejipanga mstari mmoja. Ndicho chenyewe?

Hapana. Hizo ni setilaiti za intaneti za Starlink, siku chache baada ya kurushwa, kabla hazijatawanyika. Kituo ni taa moja.

Kiko mbali kiasi gani?

Kilomita 400 hivi kwenda juu. Reli kutoka Tabora hadi Kigoma ni karibu urefu huohuo. Wanaodhani wanaanga wako karibu na mwezi hushtuka wakisikia hivyo: mwezi uko kilomita 384,000. Na umbali wa Tabora hadi Kigoma kituo kinaumaliza kwa chini ya dakika moja. Kigoma hadi Dar, kama dakika mbili na nusu.

Sasa kama ni karibu hivyo, kwa nini wanaelea? Si tumefundishwa huko hakuna mvutano?

Mvutano upo. Kwenye kimo kile nguvu ya mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya hii inayokukalisha kwenye kiti. Wanaelea kwa sababu wao na kituo wanaanguka pamoja muda wote. Ila wanakwenda mbele kwa kasi kubwa hivi kwamba kila wanavyoanguka, dunia nayo, kwa kuwa ni mviringo, inapinda chini yao kwa kiasi kilekile. Hawagongi chini, wanaizunguka. Mzunguko mmoja ni dakika 90, kwa hiyo kwa siku wanapata macheo na machweo 16.

Walimu wa fizikia mliotuandikia kulalamika kuhusu vitabu vinavyosema hivyo: mko sahihi, na wanafunzi wanaoandika "hakuna mvutano" kwenye mtihani wanapoteza alama bure.

Babu yetu Ujiji anauliza: wanaswalije, na Ramadhani wanafungaje, ikiwa jua linazama mara 16?

Mwambieni babu kuwa swali lake lilishakaliwa kikao. Mwaka 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda kituoni Ramadhani ikiwa bado haijaisha. Kabla hajaondoka, wanazuoni wa nchi yake walitoa mwongozo. Nyakati za swala zinafuata saa 24 za mahali chombo kiliporukia, si macheo ya angani, kwa hiyo ni swala tano na si themanini. Kibla ni kwa kadiri ya uwezo: kuielekea Kaaba ikiwezekana, isipowezekana uelekeo wake juu angani, isipowezekana dunia, na ikishindikana popote. Kusujudu kwa mtu anayeelea, ishara inatosha. Saumu anaweza kuiahirisha akalipa akirudi, kwani ni msafiri.

Wanakula nini? Na choo?

Chakula kingi kimekaushwa au kimefungwa kwenye pakiti, unatia maji au unapasha moto. Mkate haupendwi kwa sababu ya makombo, yanaelea na kuingia kwenye mitambo na machoni. Badala yake wana aina ya chapati nyembamba za ngano. Shukla alibeba halua ya karoti, halua ya choroko na rojo ya maembe akawagawia wenzake. Maembe ya Tabora kwa namna hiyo yangefaa kabisa. Dagaa wakavu tunashauri wabaki nyumbani, maana mle hakuna dirisha la kufungua.

Choo kinavuta kwa hewa. Mkojo na unyevu wa jasho vinasafishwa na kurudi kuwa maji ya kunywa, na mwaka 2023 NASA ilitangaza mfumo wa upande wake umefikia kurejesha asilimia 98 ya maji. Wanaokunja uso wakumbuke wanywacho mto Ruwiche au bwawa la Igombe kimeshapita kwa nani. Kuoga ni kujifuta kwa taulo yenye maji.

Wanafanya nini huko siku zote hizo?

Kazi. Ax-4 ilikuwa na majaribio kama 60 kutoka nchi 31. Shukla alichipusha mbegu za choroko na uwatu kwenye visahani kuona namna zinavyoota bila uzito, kisha zikahifadhiwa kwenye jokofu zirudi kuchunguzwa. Barnawi wakati wake alifanya kazi na seli za kinga za mwili. Siku za mwanzo wengi hutapika na kuumwa kichwa, kwani mwili haujui juu ni wapi, na muda waliolipia unakwenda. Ndiyo maana wanafunzwa miezi mingi kabla, mpaka namna ya kulala na kupakia mifuko.

Starehe yao kubwa ni dirisha. Sehemu iitwayo Cupola ina vioo saba vinavyotazama dunia, na Ziwa Tanganyika, kwa urefu wake wa kilomita 673, halina jinsi ya kukosekana. Linapita chini yao kwa muda wa dakika moja na nusu, kituo kikiwa kinashuka kuelekea kusini-mashariki.

Ikitokea hitilafu?

Wakati wa kupanda, kapsuli ina injini nane za kuichomoa kutoka kwenye roketi inayofeli. Wakiwa kituoni, chombo walichokuja nacho hakiondoki, kinakaa hapohapo tayari kuwarudisha. Lakini hatari ni ya kweli, na mtu akikuambia ni salama kuliko bodaboda anakuuzia tiketi. Vyombo vya Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003 viliua watu saba kila kimoja, na vilikuwa vya serikali tajiri kuliko zote.

Mfano wa karibuni uliisha vizuri. Juni 2024, Butch Wilmore na Suni Williams walikwenda kwa safari ya majaribio ya siku nane hivi na chombo cha Starliner cha Boeing. Injini zake ndogo zikasumbua na heliamu ikavuja. NASA ikaamua chombo kirudi kitupu, na wao wakarudi Machi 2025 kwa Dragon.

Wanatua wapi?

Baharini. Kapsuli inaingia hewani ikiwa na kasi kubwa, ngao yake ya chini inapata joto la zaidi ya nyuzi 1,600, na kwa dakika kadhaa redio inanyamaza. Kisha parachuti mbili ndogo, halafu nne kubwa. Ax-1, Ax-2 na Ax-3 zilitua pwani za Florida. Ax-4 ilitua Pasifiki, karibu na San Diego, tarehe 15 Julai 2025, huku kwetu ikiwa saa sita na nusu mchana. Abiria wanasaidiwa kutoka, miguu imesahau kazi.

Shule yetu inaweza kuzungumza nao?

Ndiyo, na hili halihitaji mabilioni. Kuna mpango wa kimataifa wa redio za ridhaa unaounganisha shule na wanaanga, na hata abiria wa Ax-1 waliongea na wanafunzi kwa njia hiyo. Mazungumzo hayazidi dakika kumi, kwani kituo kinazama upeo wa macho. Maombi yanapelekwa mapema sana, na kurusha matangazo kunahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA.

Kusikiliza ni rahisi zaidi. Kituo hutumia masafa ya 145.800 MHz, na redio ya kawaida ya mkononi ya VHF inayapata wanapokuwa hewani. Redio ya muziki ya FM haiwezi.

Kwa nini wasirushie huku kwetu? Si tuko karibu na ikweta?

Hoja nzuri, na Waitaliano waliiona mapema. Ardhi ya ikweta inazunguka kwa mita 465 kwa sekunde, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Kuanzia 1967 hadi 1988 walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Setilaiti moja iliyoruka pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Unguja nayo ilikuwa na kituo cha NASA cha kufuatilia wanaanga wa kwanza wa Marekani, kikafungwa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Kigoma penyewe pangekuwa na kasoro moja: roketi huangusha vipande vyake kuelekea mashariki, na mashariki yetu kuna Kasulu, Urambo na Tabora, hakuna bahari.

Basi Mtanzania lini?

Siku serikali itakapotaka kulipa, kwani mlango uko wazi. Kama wataka kujua sisi tungeshauri nini, tungeanza na setilaiti ndogo. Ya Kenya ilitolewa ndani ya kituo hichohicho Mei 2018, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuachiwa kutoka maabara ya Japani iliyomo kituoni. Rwanda ikafuata Novemba 2019. Ni vyombo vidogo vya kushika mkononi, lakini vijana walioviunda wamebaki na ufundi, na kina cha maji ya ziwa letu kinapopanda na kushuka tungependa tukipime kwa macho yetu. Kiti cha siku 14 kwa zaidi ya shilingi bilioni mia kinaweza kusubiri.

Kweli kituo kitaangushwa? Kitatuangukia?

Mpango ni kukitumia hadi mwaka 2030, kisha kukishusha kwa makusudi. Juni 2024 NASA iliipa SpaceX mkataba wa kutengeneza chombo cha kukisukuma chini. Kina uzito wa tani 400 na zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa itaungua na mabaki yataelekezwa Pasifiki ya kusini, sehemu ya bahari iliyo mbali kuliko zote na makazi ya watu. Axiom na kampuni nyingine zinajenga vituo vyao vya kuchukua nafasi yake, na wakati huo mwenye nyumba, mwenye usafiri na wakala wote watakuwa watu binafsi. Bei zao bado hazijatangazwa.